Balbu ya wati 100 imepimwa omu 38: je, kweli inakula wati 1,400?

SWALI: "Nafuga kuku wa nyama nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, nawasha balbu nne za wati 100, zile za kizamani zenye uzi ndani, usiku na mchana. Kabla vifaranga hawajaja nilikuwa natumia uniti nne au tano kwa siku. Sasa zinakwenda 14. Fundi alikuja na mita yake, akachomoa balbu moja, akaipima akapata omu 38. Akachukua 230 mara 230, akagawanya kwa 38, akaniambia kila balbu inakula karibu wati 1,400 na kwamba maandishi ya '100W' ni uongo wa kiwandani. Anashauri nizitoe zote niweke hita moja ya koili ya wati 2,000, kwa sababu hiyo 'ukinzani wake unaeleweka'. Tatizo la pili: kuanzia saa moja jioni umeme unashuka hadi volti 190, vifaranga wanajikusanya na kulia, na jirani anasema umeme ukiwa mdogo ndiyo unakula uniti zaidi. Umeme wa bandani unatoka nyumbani kwa ekstensheni ya mita 40, ile ya waya mwembamba, na plagi yake huwa ya vuguvugu. Nimfuate nani?"

JIBU: Ndugu yangu mfugaji, hita hiyo usiinunue kwanza, na balbu zako usizitupe. Haziibi umeme. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo yako ni neno moja ulilolitaja mwishoni kabisa, kwamba plagi huwa ya vuguvugu. Hilo nitalirudia kwa kirefu, lakini tuanze na hizo wati 1,400, maana ndizo zilizokunyima usingizi.

Kabla ya nadharia yoyote, chukua namba zako mwenyewe. Uniti moja ya LUKU, ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ni kilowati moja, yaani wati 1,000, iliyotumika kwa saa nzima. Kama kila balbu inakula wati 1,392, ambalo ndilo jibu kamili la hesabu ya fundi, balbu nne ni wati 5,568. Zikiwaka saa 24 zinamaliza uniti 133 kwa siku. Wewe unatumia 14, pamoja na friji, taa za nyumbani na kila kitu. Sasa jaribu hesabu ya upande wa pili: balbu nne za wati 100 ni wati 400, mara saa 24 ni wati-saa 9,600, yaani uniti 9.6. Ongeza zile nne au tano ulizokuwa ukitumia kabla ya vifaranga, unapata 14 yako. Mita ya LUKU na maandishi ya kwenye balbu yanakubaliana. Hesabu ya fundi ndiyo iliyobaki peke yake.

Kuna ushahidi mwingine ambao umekaa mbele ya macho yako. Wati 5,568 kwenye volti 230 zinahitaji ampea 24. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi isiyozidi ampea 13. Ekstensheni yako isingefika asubuhi.

Hata hivyo sitaki umwone fundi wako kuwa mwongo. Mita yake ilisema kweli, balbu ya wati 100 ikiwa baridi hupima omu 38 au jirani ya hapo. Kanuni aliyoitumia nayo ni sahihi. Kosa liko mahali ambapo wengi hujikwaa, hata waliosoma fizikia shuleni: amechukua omu za balbu iliyolala akaziunganisha na volti za balbu iliyo kazini.

Tuzipange kanuni zenyewe. Volti ni msukumo unaotoka kwenye soketi. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati huo. Omu ni ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa kinauzuia umeme usipite. Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha mwaka 1827 uhusiano wa hayo matatu: gawanya volti kwa ampea, unapata omu. Na nguvu, yaani wati, ni volti mara ampea. Ukiziunganisha hizo mbili unapata njia ya mkato aliyoitumia fundi, ya volti mara volti gawa kwa omu, na nyingine ambayo tutaihitaji sana tukifika kwenye plagi, ya ampea mara ampea mara omu. Hii ya mwisho ni ya Mwingereza James Prescott Joule, aliyeionesha mwaka 1841 kwa kupima jinsi waya wenye umeme unavyopasha maji joto.

Kanuni zote hizo zina sharti moja ambalo halijaandikwa ndani yake: volti, ampea na omu ziwe za wakati mmoja, kifaa kikiwa katika hali moja. Kwa vifaa vingi sharti hilo halionekani kwa sababu omu zake hazibadiliki sana. Koili ya jiko la umeme au ya jagi la kuchemshia maji hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromu, ambao ukiwa mwekundu wa moto ukinzani wake hupanda kidogo tu, asilimia chache. Jagi la wati 2,000 ukilipima likiwa baridi utapata kama omu 26, ukipiga 230 mara 230 gawa kwa 26 unapata wati 2,035. Safi kabisa. Fundi amepima majagi, pasi na majiko namna hiyo miaka yote na majibu yamekuwa yakimjia sawa, ndiyo maana hakuwa na sababu ya kuishuku njia yake siku alipokutana na balbu.

Balbu ni kiumbe tofauti. Uzi wake ni wa tangsteni tupu, mwembamba kuliko unywele, na ili utoe mwanga lazima ufike kama nyuzi joto 2,500 za sentigredi. Katika chuma, umeme ni elektroni zinazopenya katikati ya atomu. Joto likipanda, atomu hutetemeka kwa nguvu zaidi na elektroni hugongana nazo mara nyingi zaidi, kwa hiyo ukinzani hupanda. Kwa tangsteni, kutoka ubaridi wa chumbani hadi joto la kuwaka, ukinzani hupanda karibu mara 14.

Fuata kinachotokea unapobonyeza swichi. Nukta ya kwanza kabisa uzi ni baridi, una omu 38, na volti 230 zinasukuma ampea 6. Hapo balbu inakula kweli zile wati 1,400 za fundi. Kwa hiyo namba yake si ya kubuni, ipo, ila maisha yake ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Joto hilo linauchoma uzi, ukinzani unapanda, mkondo, yaani ampea zinazopita, unapungua, wati zinashuka, mpaka joto linaloingia kwenye uzi likalingana na joto linalotoka. Hapo balbu inatulia. Mahali pa kutulia ndipo kiwanda kilipopima kikaandika 100W. Gawanya wati 100 kwa volti 230 unapata ampea 0.43, kisha gawanya 230 kwa 0.43, unapata kama omu 530. Huo ndio ukinzani wa balbu inayowaka, na hakuna mita ya omu itakayokuonesha namba hiyo, kwa sababu mita hupima kwa betri yake ndogo inayopitisha umeme kidogo mno hata uzi hausikii joto. Na usije ukajaribu kupima omu za kitu kilicho kwenye umeme: mita itaungua, na mkono ulioishika uko hatarini. Mshtuko huo wa nukta ya kwanza ndio pia sababu balbu nyingi hufa pale unapoziwasha, si zikiwa zinawaka tu. Kwa bruda inayowaka mfululizo, hilo kwako ni heri.

Ukitaka uhakika wako mwenyewe bila kugusa waya wowote, tumia mita ya LUKU. Kwenye uso wake kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba fulani ya imp/kWh, mara nyingi 1000, ingawa zipo za 1600 na nyingine. Maana yake ni kwamba kitaa kinapepesa mara hiyo kwa kila uniti moja. Zima kila kitu nyumbani, chomoa friji, acha balbu nne tu. Chukua saa ya simu uhesabu muda kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine. Kwa mita ya 1000, kila mpepeso ni julu 3,600 za nishati, kwa hiyo gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata, jibu ni wati. Ukipata sekunde 9, hiyo ni 400 kamili. Kama fundi angekuwa sahihi, kitaa kingepepesa zaidi ya mara moja kila sekunde. Hesabu mipepeso kumi kisha ugawe, ili kidole kisikuponze. Na kama mita yako iko juu ya nguzo huioni, tumia rimoti ya ndani: andika uniti zilizobaki, acha balbu nne peke yake kwa saa mbili na nusu, soma tena. Itakuwa imeshuka uniti moja.

Ukitaka kupima ampea, hapo naomba uwe mwangalifu sana. Zile mita ndogo za bei nafuu zinazouzwa madukani, nyingi hupima ampea za betri tu, si za umeme wa nyumbani. Mtu akichomeka ncha zake kwenye soketi zikiwa upande wa ampea, anakuwa ameziunganisha nyaya mbili moja kwa moja, na mita inaweza kumlipukia mkononi. Fundi mwenye mita ya koleo, ile inayoukumbatia waya kwa nje, anaweza kukupimia bila kukata kitu, mradi aukumbatie waya mmoja tu. Akikumbatia zote mbili kwa pamoja atasoma sifuri, kwa kuwa umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Kwa balbu zako nne atasoma kama ampea 1.7. Mkondo ni mdogo kwa mita ya namna hiyo, hivyo mafundi wazuri huuzungusha waya mara tano ndani ya koleo, kisha hugawanya jibu kwa tano.

Sasa jioni na volti 190. Kwa vifaa vya joto jirani amekosea, na vifaranga wako ndio mashahidi: wanajikusanya kwa sababu joto limepungua, na joto limepungua kwa sababu wati zimepungua. Koili ya wati 2,000 ina omu 26.45, ipe volti 190 badala ya 230 na itatoa wati 1,365. Volti zimepungua chini ya asilimia 18, lakini karibu theluthi ya joto imekwenda, kwa kuwa kushuka kwa volti kunashusha na mkondo, na wati ni zao la vyote viwili. Balbu huumia kidogo chini ya hapo, kwa sababu ile ile tuliyoiona: uzi ukipoa kidogo ukinzani wake nao hushuka, ukaruhusu mkondo zaidi. Kila balbu yako itabaki na kama wati 74. Zote nne ni wati 296 badala ya 400. Zaidi ya wati 100 za joto zimeondoka bandani saa ile ile baridi ya usiku inapoingia. Uniti nazo zinapungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo hulipii joto ambalo hukulipata.

Jirani ana haki yake upande mmoja: mota. Friji na pampu ya maji volti zikishuka hujaribu kuendelea na kazi ile ile kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, na ampea hizo huzichoma nyaya za ndani ya mota. Kama friji yako haina kile kifaa cha kuikata umeme unaposhuka mno, kinunue. Na ukitaka kujua wati za friji, au za balbu za LED, usitegemee volti mara ampea: kwenye vifaa hivyo mkondo na volti haviendi hatua moja, na jibu utakalopata linazidi wati halisi. Kwa balbu za uzi na koili, hesabu hiyo haikudanganyi.

Lakini kabla ya kulaumu mtandao wa TANESCO, shirika letu la umeme, tafuta volti zinapotelea wapi. Umeme wetu wa nyumbani hukusudiwa kuwa volti 230. Jioni, balbu zikiwa zinawaka, fundi apime volti kwenye soketi ya nyumbani inakochomekwa ekstensheni, kisha bandani, mwisho wa waya. Kama nyumbani ni 192 na bandani ni 190, tatizo linatoka nje: laini ndefu, transfoma iliyozidiwa, mtaa mzima unapika kwa wakati mmoja. Peleka taarifa TANESCO pamoja na vipimo na saa ulizopima, maana malalamiko yenye namba ni rahisi kuyafuatilia. Kama nyumbani ni 225 na bandani ni 190, basi unazipoteza volti 35 ndani ya mali yako mwenyewe, na hilo ni jambo la kuzima umeme sasa hivi, kwa sababu volti zinazopotea kwenye waya hugeuka joto kwenye waya huo.

Hapa ndipo plagi yako inapoingia. Tuseme ekstensheni ni ya shaba ya milimita za mraba 0.75, kipimo cha kawaida cha zile nyembamba. Waya wa namna hiyo una omu kama 26 kwa kilomita. Umeme unakwenda mita 40 na kurudi 40, jumla mita 80, hivyo waya wako una omu 2 na kidogo. Kwa balbu nne, ampea 1.74, unapoteza volti zisizofika 4 na wati kama 6, zilizotawanyika urefu wote wa waya. Hazina madhara. Kwa hiyo kwa mzigo wa sasa waya wenyewe hauna sababu ya kuchemka, na plagi nayo ingetakiwa kuwa baridi. Ikiwa ni ya vuguvugu, ndani yake kuna kiungo kibovu: skrubu imelegea, au miguu imeshika kutu, au soketi imechoka haibani. Mahali hapo padogo pamekuwa na ukinzani wake. Tukadirie omu 2. Ampea 1.74 mara 1.74 mara 2 ni wati 6, zote zikiwa zimekusanyika kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Hilo ndilo vuguvugu unalolisikia.

Sasa chukua plagi hiyo hiyo, waya huo huo, uweke hita ya wati 2,000. Jumlisha omu zote zilizo kwenye njia: hita 26.45, waya 2.08, kiungo 2. Ni 30.5. Gawanya 230 kwa 30.5, mkondo ni ampea 7.5. Mkondo umepanda zaidi kidogo ya mara nne, lakini joto hufuata ampea mara ampea, kwa hiyo plagi haitachemka mara nne, itachemka mara kumi na nane na zaidi: wati kama 113. Kile kifaa cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi kina wati 30 au 40 tu. Plastiki ya plagi haiwezi kustahimili hali hiyo, na chini yake kuna nini? Maranda makavu, vumbi la manyoya, na vifaranga ambao hawana pa kukimbilia. Wati nyingine kama 118 zitakuwa zinachemsha waya, na kama ziada yake umeizungusha mviringo kando ya ukuta, joto halina pa kutokea. Fyuzi ya ampea 13 haitakuokoa, kwa sababu ampea 7.5 kwake ni mzigo halali. Fyuzi huhesabu ampea, haijui kama kuna skrubu iliyolegea.

Na huo moto wote ungeununua ili upate nini? Watu wengi huamini kwamba kifaa fulani cha umeme hutoa joto kwa uniti chache kuliko kingine. Ndani ya bruda, wati 400 za balbu na wati 400 za koili ni joto lile lile, kwa kuwa hata mwanga wa balbu ukigonga ukuta na maranda unaishia kuwa joto. Hita ya wati 2,000 isiyo na kidhibiti joto ikiwaka saa 24 ni uniti 48 kwa siku, na vifaranga watakaukiwa. Ikiwa na kidhibiti kizuri itawaka na kuzima, na mwisho wa siku itatumia uniti 9 au 10, zile zile unazotumia sasa. Faida ya kidhibiti ni ya kweli, itakusaidia sana usiku volti zinapocheza, lakini unaweza kukifunga hata kwenye balbu ulizo nazo. Balbu nne zina ubora mwingine ninaoupenda: moja ikifa saa nane usiku, tatu zinabaki. Hita moja ikifa, asubuhi unaokota vifaranga.

Kama kuna mtu atakushauri uweke LED ili kuokoa uniti, mwambie ahsante. LED inaokoa umeme kwa sababu hutoa joto kidogo sana, na wewe unanunua joto.

Kwa jioni zenye volti 190, ningefunga balbu mbili za akiba kwenye swichi yao. Balbu sita zenye wati 74 kila moja ni wati 444, zinatosha kuziba pengo. Ila usizisahau: usiku wa manane volti zikirudi 230 zitakuwa wati 600 na bruda itageuka tanuri. Hapo ndipo kidhibiti joto kinapolipa gharama yake. Usipokuwa nacho, weka kipimajoto kwenye usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu ukutani. Wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Na vifaranga wenyewe husema: wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wamezidiwa na joto, wakitawanyika sawasawa wakila, waache hivyo hivyo.

Mahali pekee ninapoona uniti za kuokoa kweli ni kuzuia joto lisitoke. Zungushia bruda ukuta wa hadibodi au maboksi, ziba upepo wa chini, shusha pazia upande wa upepo usiku, funika sehemu ya juu ukiacha nafasi ya hewa kutoka, weka maranda makavu na ya kutosha. Joto likikaa, unaweza kuzima balbu moja kati ya nne, na hiyo peke yake ni uniti 2.4 kila siku. Jiko la mkaa wengine hulitumia umeme ukikatika, nami silikatai kabisa, lakini hewa yake ya sumu haina harufu na huua vifaranga na mtu anayelala nao, kwa hiyo lisiingie kwenye banda lililozibwa.

Leo, kabla giza halijaingia, zima swichi ya soketi hiyo, chomoa plagi, iangalie miguu yake. Ukiona weusi, plastiki iliyoyeyuka au rangi ya samawati kwenye shaba, usiirudishe kwenye soketi, wala usiikaze tu na kuendelea. Plagi na soketi zote mbili zibadilishwe, maana soketi iliyoungua itaiharibu plagi mpya ndani ya wiki chache. Kubadilisha plagi ni kazi ndogo kwa mtu anayejua. Kubadilisha soketi ya ukutani mwachie fundi, na umeme ukatwe kwenye meni swichi.

Kisha, vifaranga hawa wakishatoka bruda, mlete fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akuvutie waya wa kudumu hadi bandani badala ya ekstensheni. Mwambie milimita za mraba 2.5, wa shaba, na breka yake peke yake. Waya huo una omu kama 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo kwa mita 80 za kwenda na kurudi ni omu 0.6 tu, na hata siku ukiamua kuweka kifaa cha wati 2,000 utapoteza volti kama 5, si 17. Banda la kuku lina unyevu na watu huingia humo peku, hivyo mwambie aweke ethi (waya wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini) inayofanya kazi na kile kikata-umeme cha uvujaji cha miliampea 30. Kifaa hicho ndicho kinachomlinda mtu. Breka ya kawaida hulinda waya.

Usisubiri vifaranga watoke ikiwa utaona lolote kati ya haya: balbu za bandani zinafifia na kung'aa zenyewe wakati za nyumbani zimetulia, harufu ya plastiki inayoungua, waya wenyewe ukiwa na joto ukiugusa kwa juu, au kutetemeshwa kidogo ukigusa bati au wavu wa banda. Hapo zima kwenye meni swichi, wahamishie vifaranga ndani ya nyumba kwenye boksi kubwa na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, na umpigie fundi usiku huo huo.

Yule fundi wako wa mita usimfukuze. Mwite aje na mita ya koleo, awashe balbu nne, apime volti na ampea kwa wakati mmoja, azidishe mwenyewe mbele yako. Akishaona wati 400 zimetokea, mwoneshe na hesabu ya plagi.